Nilimpa binti yangu hela ya nguo za shule ajipangie mwenyewe

Anti, shikamoo. Wasomaji wenzangu, hamjambo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Temeke. Nashona barazani kwangu, na kazi inayoniweka mjini ni sare za shule. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari sijui Jumapili wala sikukuu. Tetroni ya bluu upande huu, kitambaa cheupe upande ule, wateja wamekaa kwenye benchi kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyeleta vipimo kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtu akisikia kwamba shida yangu ni sare ya mwanangu mwenyewe atacheka. Acheke tu. Kinyozi hajinyoi.

Nina watoto wawili. Wa kiume yuko darasa la tano, hana makuu, mpe kaptula na mpira umemaliza. Wa kike ana miaka 16 na Jumatatu anaingia kidato cha tatu, shule ya kata, ya kutwa. Amechukua jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita Mama hata ninapomgombeza. Baba yao yuko Dodoma kwenye kazi za ujenzi, anatuma akipata.

Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 na nashukuru sana, lakini sare, viatu, begi na madaftari vimebaki kwa mzazi. Kwa msichana anayerefuka kila ukigeuka, hivyo peke yake ni ada nyingine.

Miaka yote nilikuwa nanunua mwenyewe. Sketi ya bluu aliyoanza nayo kidato cha kwanza niliiachia upindo wa inchi nne, na kila akirefuka naufumua naushusha kidogo. Ukiitazama juani utaona mistari miwili ya bluu iliyokoza imezunguka chini, pale upindo wa zamani ulipokuwa umejificha jua. Mimi nikiiona mistari ile naona ufundi wangu. Yeye sasa nadhani anaona kitu kingine. Mwaka jana tuligombana kwa ajili ya viatu pale Tandika mbele ya muuzaji, mpaka muuzaji mwenyewe akatuambia tukapatane kwanza halafu turudi.

Ndipo mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, mama wa heshima zake, akanishauri. Akasema mtoto wa miaka 16 ukimnunulia kila kitu anaona hela inaota kwenye droo ya cherehani. Mpe fungu lake, mwandike pamoja kinachotakiwa, halafu muache aende mwenyewe sokoni. Akikosea, akosee akiwa bado kwako. Maneno yaliniingia.

Desemba ilikuwa zamu yangu kupokea mchezo wa kina mama, ule wa kuchangishana hela na kupeana kwa zamu. Nikalipa kodi, nikatoa ya mdogo wake, nikabaki na shilingi 160,000 za nguo zake. Usiku mmoja baada ya kufunga kazi tukakaa na kaunta buku, yeye anaandika mimi nataja. Viatu vyeusi vya ngozi 35,000. Sweta la shule 18,000. Kitambaa cha mashati mawili 16,000 na cha sketi moja 12,000, kushona ni juu yangu. Soksi jozi tatu 6,000. Fulana na traksuti ya michezo 20,000. Nguo za ndani 15,000, maana sidiria za mwaka juzi zimeshamkataa. Begi 25,000. Tukajumlisha, 147,000. Zile 13,000 zilizobaki nikamwambia nauli yako humo, na kitakachobaki ni chako usiniulize. Alifurahi, Anti. Aliikunja ile karatasi akaitia kwenye kava la simu kama kitambulisho.

Jumamosi iliyopita akaondoka asubuhi na rafiki yake. Nilimwambia aanzie soko la Karume mapema, mabelo ya mtumba yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, halafu amalizie Kariakoo. Mimi nilibaki na sare za watu. Saa nane sijamwona, saa kumi sijamwona, akaingia magharibi miguu imejaa vumbi, uso unang'aa.

Akamwaga mfuko kitandani. Cha kwanza kutoka ni raba nyeupe za mtumba, soli nene, safi kweli, hata mimi niliona ni safi. Shilingi 45,000. Kisha jinzi mbili za 15,000 kila moja. Blauzi mbili, 12,000 zote. Nguo za ndani amenunua, soksi amenunua, na begi la mtumba zuri amelipata kwa 12,000 badala ya 25,000, hapo nikiri alinishinda. Mimi nisingelipata kwa bei ile. Nauli na chipsi zimekula 4,000. Akanikabidhi 36,000 zilizobaki, amezipanga noti kubwa juu.

Nikamuuliza, "Mama, viatu viko wapi?"

Akasema vya zamani vikipigwa soli mpya vinamaliza mwaka.

"Na sweta?"

"Mama, sweta Januari? Dar hii?"

Hapo nilishindwa kujibu haraka, kwa sababu nilikuwa natoka jasho kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo. Ni kweli, sweta Dar es Salaam mwezi wa kwanza ni adhabu. Lakini liko kwenye orodha ya shule na getini hawakuulizi hali ya hewa. Sketi je? Akasema ile ya mistari atavaa, tena mwaka huu nisishushe upindo, niiache ilivyo. Yaani fupi! Nikagundua hapo hapo kwamba kumbe mwenzangu alishapiga hesabu zake tangu kwenye daladala.

Nilichemka. Nilisema maneno mengi ambayo mengine sitayaandika. Viatu, sweta, vitambaa na nguo za michezo bado ni 101,000. Ukitoa zile 36,000, pengo ni 65,000, na mimi mchezo nimeshapokea, sipokei tena mpaka wenzangu wote wazunguke. Yeye hakujibu kitu. Alikusanya nguo zake akazitia kwenye mfuko, akaenda kuosha vyombo.

Anti, kama ingekuwa imeishia hapo nisingekuandikia. Ningemwacha na viatu vyake vya kupiga soli tukaendelea na maisha.

Usiku mdogo wake alikuja kunisaidia kuokota vipande vya vitambaa. Watoto wa kiume hawana siri. Akaniambia, "Dada anaitwa Skulibasi." Nikamuuliza anaitwa nani na kwa nini. Ndipo akanieleza.

Shuleni kwao Jumamosi wana tuisheni, na siku hiyo wanakwenda na nguo za nyumbani. Sasa mwaka jana katikati nilishona oda kubwa ya shule moja ya msingi ya kulipia, wale wa kubebwa na mabasi ya njano. Kitambaa chao ni drafti ya kijani na nyeupe. Kilibaki kipande kizuri, mita moja na nusu hivi, mwenye oda akaniachia. Nikamshonea binti yangu sketi ya marinda, nikaitia zipu pembeni na mfuko wa ndani. Nilikesha kwenye ile sketi. Nilimwambia avae tuisheni, akavaa. Kumbe kila alipokatiza dirishani wenzake walikuwa wanapiga honi kwa midomo. Pii pii, skuli basi hiyo, pandeni. Mwaka mzima ulivyobaki, Anti, mwanangu anapigiwa honi, na mimi kila Jumamosi namwambia, "Vaa ile sketi yako nzuri."

Hajawahi kuniambia. Ameniambia viatu vikimbana, ameniambia sidiria, lakini hili hakusema. Nilikwenda kutazama sanduku lake. Ile sketi ipo chini kabisa, imekunjwa kwa marinda yake, kila rinda juu ya lingine, kama nilivyomfundisha kukunja za wateja.

Sasa kila mtu ana lake. Baba yao nimemweleza kwa simu, anasema raba zirudishwe. Mtumba unarudishwa wapi? Yule kijana wa Karume alishakunja turubai lake zamani. Au ziuzwe kwa majirani, anasema. Dada yangu mkubwa anasema nimuache aende na viatu vilivyochoka, arudishwe getini mara moja, atapata akili. Lakini kidato cha tatu si mahali pa kurudishwa nyumbani, na huyu mtoto anataka fizikia na kemia, siku moja tu akiikosa maabara ananuna wiki nzima. Yule mwalimu mstaafu naye nimemrudia. Anasema kosa si la mtoto, ni la kwetu sisi wawili, tulimpa fungu lenye vitu vya lazima tu, hatukumwachia hata nguo moja ya kuchagua kwa moyo wake. Tulichompa ni orodha ya kwenda kununulia, kama unavyomtuma mtoto chumvi. Halafu akaongeza kwamba hata hivyo nisijaze pengo, nikijaza nitakuwa nimemfundisha kwamba bajeti ya mama ni mpira wa kuvutika.

Nikamuuliza basi afanye nini, akasema, "Hapo ndipo mtihani ulipo, fundi." Walimu bwana.

Jana binti mwenyewe kaja na lake. Nilikuwa namalizia mashati ya mteja, akakaa karibu, akachukua sindano bila kuambiwa, akaanza kufunga vifungo. Kafunga shati zima kimya. La pili akaniuliza, "Mama, yule dada wa jirani unamlipa shilingi ngapi kwa shati?" Nikamwambia 300, vifungo, kukata nyuzi na kupiga pasi. Akanyamaza kidogo, midomo inahesabu. Akasema, "Basi nikopeshe, nitafunga mashati 217."

Nilipiga hesabu baadaye, na kweli yanatoka 217 na chenji ya shilingi 100.

Hapa ndipo napotaka mnisaidie. Kukubali natamani. Lakini huyu mtoto amekuwa akinifungia vifungo bure tangu ana miaka kumi, kwa sababu ni kazi ya nyumbani kwetu, ndiyo inayopika ugali wetu. Nikianza kumlipa leo, kesho atanifungia bure? Na mdogo wake anayechota maji na kupeleka mizigo kwa wateja, naye si ataniletea bili? Halafu yule dada wa jirani nitamwambia nini, maana mashati 217 ni kazi yake ya miezi na ana mtoto mchanga. Kwa upande mwingine, nikikataa nitakuwa nimemfungia mlango mtoto aliyekuja mwenyewe na njia ya kulipa, bila kulia, bila kunisingizia kitu. Watu wazima wangapi wanadaiwa na mimi hela ya ufundi na wakiniona wanavuka barabara?

Nimefikiria pia kugawana. Viatu na vitambaa ninunue mimi kwa kukopa kwenye mchezo, kwa sababu ni vya lazima na mguu hausubiri, sweta na nguo za michezo alipe yeye kwa vifungo, na mpaka wakati huo avumilie mwalimu wa zamu. Na mwaka ujao tuandike mafungu mawili tangu mwanzo, la shule nishike mimi, la kwake ashike yeye hata kama ni 30,000, akanunue hata kofia akitaka. Sijui kama huko ni kumsaidia au ni kumdekeza kwa mpango.

La mwisho, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko zile 65,000. Nimwambie kwamba nimeshajua habari ya sketi ya drafti? Nikimwambia, atajua mdogo wake kasema, na pia nitakuwa nimemvua kitu alichokuwa amekificha ili mimi nisiumie. Nikinyamaza, atabaki anadhani namwona mtoto mwenye tamaa ya jinzi na raba, wakati sasa najua alikuwa ananunua Jumamosi zake. Yale niliyomtamkia siku ile yanarudi usiku. Wenye mabinti wa umri huu, nyie mlianzaje mazungumzo ya namna hii? Mnakaa chini mnasema, au mnaacha mikono ifanye kazi?

Leo ni Jumatano. Kitambaa cha mashati yake nilikinunua jana jioni kwa zile 36,000, nimeshakikata, kiko chini ya mto wa kiti. Raba zimekaa juu ya kabati, hajazivaa hata siku moja. Na ile sketi yake ya bluu ameniletea asubuhi, ameiweka kwenye foleni nyuma ya sare za wateja, akanipa na tepu. Upindo umebaki inchi moja na nusu. Hakusema nishushe wala nisishushe.

Fundi wa barazani,
Temeke