Barua kwa Chebet: bei ya mche iko wapi?

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Chebet,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi ni wazima, na natumaini baridi ya Nakuru haijakufunga mafua tena.

Nimeipata ile tovuti ya kitalu cha miche. Uliniomba nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo sikupaki. Inapendeza, rangi zimetulia, na yeyote anayekujua angejua ni kazi yako. Lakini mtu mwenye haja ya miche akiifungua ataondoka bila mche. Sibahatishi. Jana niliipeleka soko la Kibuye nikampa Mama Atieno aifungue kwa simu yake mwenyewe.

Unamkumbuka Mama Atieno, yule wa mitumba ya watoto. Ana kipande cha shamba Vihiga na amekuwa akitafuta miche ya avokado aina ya Hass. Sikumwambia anijaribie kazi ya rafiki, maana angesifu tu kwa heshima. Nilimwambia kuna kitalu upande wa Bahati, hebu aagize miche ishirini. Kisha nikafunga mdomo. Hapo ndipo pagumu, dada. Unamwona mtu anahangaika, kitufe kiko palepale chini ya kidole chake, na ulimi unakuwasha umwonyeshe. Usimwonyeshe. Hao wateja wa Molo na Kakamega hutakuwa umeketi kando yao.

Ilichelewa kufunguka. Ile picha ya juu inakaribia megabaiti nne, na yeye hununua bando la siku. Alipoona kiungo cha "Miche yetu" akanyoosha kidole, na sekunde hiyohiyo picha ikatua, maandishi yote yakasukumwa chini, kidole kikaangukia "Historia yetu". Akasoma kidogo kuhusu mwanzilishi kwa adabu, kisha akaniuliza, "Na bei?"

Bei haipo, Chebet. Nimeitafuta mwenyewe. Kuna dira, kuna maadili ya kampuni, kuna picha tano zinazopokezana kabla mtu hajamaliza kusoma ya kwanza, lakini hakuna mahali palipoandikwa mche mmoja ni shilingi ngapi. Najua utaniambia ni mwenye kitalu aliyetaka hivyo, anaogopa majirani wake wa biashara wasione. Mweleze kwamba huyo jirani akitaka bei atamtuma mtoto aje aulize. Anayefichwa ni mteja peke yake.

Basi akaenda kwenye fomu, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Majina ya visanduku umeyaandika ndani ya visanduku vyenyewe, kwa kijivu hafifu. Ukianza kuandika yanapotea. Alikuwa katikati, mteja akaja kuuliza bei ya sweta, wakavutana, mteja akaondoka. Aliporudi kwenye simu akakuta kisanduku kina "Vih" na hakukumbuka kilikuwa kinauliza kaunti, mji au kituo cha matatu. Akafuta, akaanza upya. Weka jina la kisanduku juu yake, nje, libaki hapo. Watu wetu hawajazi fomu wakiwa wametulia mezani.

Baada ya hapo ikamtaka barua pepe kwa lazima. "Hiyo ni kijana wangu anajua," akasema, na ni kweli, kijana ndiye aliyeifungua siku simu iliponunuliwa. Ikataka na msimbo wa posta. Wa nini, Chebet? Miche inakwenda kwa posta? Mtu anayeagiza miche mpe visanduku vitatu tu: jina, namba ya simu, na miche ipi, mingapi. Hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema usikusanye zaidi ya unachohitaji, kwa hiyo ukibanwa na mwenye kitalu una pa kuegemea.

Namba yake ya simu aliiandika kwa kuacha nafasi katikati, kama tunavyoiandika sote kwenye karatasi. Fomu ikaikataa. Onyo jekundu likatokea juu kabisa ya ukurasa, naye yuko chini kabisa kwenye kitufe. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akadhani ni mtandao, akainua simu juu kidogo kutafuta netiweki. Hilo ni jambo la mistari miwili ya programu: ziondoe nafasi wewe mwenyewe, ipokee ikianza na sufuri au na 254, na kosa likiwepo liandike chini ya kisanduku chenyewe kwa maneno ya mtu, kwa mfano, "Namba imepungua tarakimu moja." Ukikitaja kisanduku hicho kuwa cha simu kwenye msimbo wako wa programu, kibodi ya namba itajitokeza yenyewe.

Akapiga moyo konde akatafuta namba ya kitalu apige. Ipo, ila umeichora ndani ya picha, haibonyezeki wala hainakiliwi. Akazima simu akasema atamuuliza jamaa mmoja wa miche pale soko la Luanda.

Usivunjike moyo. Karibu yote haya unaweza kuyarekebisha bila kuugusa muundo wako. Picha zipunguze hadi upana wa kioo cha simu na uzihifadhi kwa WebP, ile aina ya faili ya picha iliyo nyepesi. Andika upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi mapema, maandishi yasirukeruke. Zile picha zinazopokezana ziondoe, ubakize moja. Jakob Nielsen, yule mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 1993 kwamba ikipita sekunde moja mtu anaanza kuhisi anasubirishwa, na sekunde kumi ndiyo kikomo cha kumshikilia. Kwa Mama Atieno kumi zilipita kabla hajaona jina la kitalu.

Kijani chako chepesi juu ya nyeupe kinapendeza kwenye kompyuta yako ndani ya nyumba. Pale Kibuye saa saba mchana, kwenye kioo chenye ufa, hakionekani. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida upishane na wa mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Pima, nadhani chako hakifiki hata 3. Kijani kizito kama cha jani la avokado kitatosha na bado kitakuwa kijani. Vitufe navyo vinenepeshe: Apple huwashauri waundaji wasishuke chini ya pointi 44 (kipimo cha ukubwa kwenye kioo) kila upande, na mikono ya wateja wako ni ya jembe.

Jambo ambalo ningekuwa mkali nalo zaidi ni kile kinachotokea baada ya kutuma. Nilijaza fomu mwenyewe nyumbani, ikatumwa, ukurasa ukarudi mwanzo bila neno. Tangu M-Pesa ije mwaka 2007, watu wa nchi hii wamezoea kwamba ukituma kitu, meseji inarudi: umetuma nini, kwa nani, saa ngapi. Isiporudi, moyo unadunda. Waambie, "Tumepokea oda yako ya miche 20 ya Hass. Tutakupigia leo kabla ya saa kumi na moja." Kisha hakikisha kuna mtu kweli wa kupiga, la sivyo usiandike saa.

Ukishamaliza, tafuta watu kama watano huko kwenu wanaohitaji miche kweli, sio sisi wa kompyuta, uwape mmojammoja. Nielsen huyohuyo alisema mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwa kazi ndogo kama hii namwamini. Na mwenye kitalu mvute akae pembeni atazame. Maneno yako ataweza kuyabishia, lakini akimwona mteja wake akitafuta bei asiipate, ataitaja mwenyewe hapohapo.

Na ulipwe nusu kabla ya marekebisho, tafadhali. Nakujua.

Nisalimie Mama na watoto.

Wako,
Achieng'

Tena: Mama Atieno bado anaitaka hiyo miche, mradi aipande kabla mvua za masika hazijaisha. Anauliza kama kitalu kinaweza kuipakia kwenye matatu ya Nakuru kuja Kisumu, na nauli ya mzigo ni juu ya nani. Hilo nalo sikuliona popote kwenye tovuti.