Mji mwenyeji upimwe getini

Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu ya barua. Kwa wiki kadhaa sasa gazeti lako limekuwa likichambua miji inayowania kuandaa mashindano makubwa ya soka, na makala hizo nimezisoma zote. Nimeelezwa uwanja una viti vingapi, taa zake zina nguvu kiasi gani, hoteli zipo ngapi na ndege za ukubwa gani zinaweza kutua. Sijaelezwa hata mara moja mwenye tiketi atafikaje kwenye kiti chake, wala ataondokaje kipenga cha mwisho kikishalia.

Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni kupekua wanawake wenzangu kwenye mageti ya viwanja. Mwaka huu ni wa kumi na nne. Mechi zenyewe siziangalii, nazisikia tu: bao likiingia najua kwa jinsi ukuta ninaouegemea unavyotetemeka. Ninaowaona ni watu. Nawaona wakija, nawaona wakiondoka, na hapo ndipo nilipojifunza kuupima mji.

Nikueleze usiku mmoja. Ilikuwa mechi kubwa, ya mtoano, uwanja umeuzwa wote. Upande wetu tulipangwa wapekuzi wanne wa kike. Tulifika wawili, kwa sababu basi lililowabeba wenzetu lilikwama katika msongamano uleule uliowakwamisha mashabiki. Mageti yalifunguliwa saa moja na nusu kabla ya mechi. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuja, kisha treni mbili zilizochelewa zikashusha abiria kwa pamoja, na wote wakaja kwetu.

Wanaume walikuwa na wapekuzi wanane, basi wakapita haraka. Lakini mwanaume aliyekuja na mke na binti haendi jukwaani peke yake. Akishapekuliwa anasimama hatua mbili ndani ya geti, anageuka, anawasubiri wake. Wakisimama hivyo watu hamsini, geti limezibwa kwa ndani. Kwa nje foleni ya wanawake imeshavuka kamba na kuingia kwenye foleni ya wanaume. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Kila mmoja amefanya ambalo mtu yeyote mwenye familia angelifanya.

Nilitambua kuna hatari pale kelele zilipopungua. Watu wengi hudhani umati ukizidiwa unapiga mayowe. Aliyebanwa kifua hana pumzi ya kupigia mayowe. Nilianza kusikia kizuizi cha chuma kikilia, sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, kikisogea kidogokidogo kuelekea kwangu. Mbele yake alikuwapo msichana wa miaka kama tisa, uso wake uko usawa wa mikanda ya watu wazima, midomo imepauka. Nilimshika makwapani nikamvusha juu ya chuma. Mama yake alinishika kifundo cha mkono na hakuniachia mpaka naye alipovuka. Alama za vidole vyake zilikaa kwangu karibu wiki nzima. Tulinusurika kwa sababu msimamizi wetu alifungua geti la magari lililokuwa pembeni, na nyuma yake palikuwa na eneo la wazi. Umati ukalegea kama mshipi uliofunguliwa. Hakufa mtu.

Kesho yake gazeti moja liliandika kwamba mashabiki wamekanyagana.

Hapa Mhariri ndipo ninapotaka kuzungumza nawe kama mtu wa lugha. Neno hilo “kukanyagana” linasema kwamba watu walikanyaga watu. Linamtia hatiani aliyebanwa. Katika ajali nyingi za aina hii wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kukosa hewa, miguu yao wakati mwingine haigusi hata ardhi. Wakishafika watu kama saba katika eneo la mita moja mraba, mtu hatembei tena kwa hiari yake, anapelekwa. Hao wamebanwa. Na aliyebanwa amebanwa mahali fulani, na mahali hapo pana aliyepachora, aliyepapitisha na aliyepangwa kupasimamia.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki 10,100 wa Liverpool waliokuwa na tiketi za kusimama walipangiwa mageti saba ya kuzunguka, yale yanayopitisha mtu mmoja mmoja. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unasema geti moja la namna hiyo lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Chukua kalamu ugawanye: hata yakienda kwa kasi hiyo bila kusimama, mageti saba yanahitaji zaidi ya saa mbili kuwaingiza watu hao. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa mezani wiki moja kabla. Msongamano ulipozidi, geti la kutokea likafunguliwa, watu wakaelekea kwenye njia iliyokuwa mbele yao, ikawapeleka katika vizimba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa, wala hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza pembeni kulikokuwa na nafasi. Ndiyo maana nasema geti letu la magari lilituokoa kwa sababu ya eneo lililokuwa nyuma yake. Kufungua geti peke yake si dawa. Watu 97 walipoteza maisha Hillsborough. Mashabiki walisingiziwa ulevi na fujo, na familia zilingoja hadi 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama katika uchunguzi wa vifo likatamka kwamba mashabiki hawakuchangia maafa yale.

Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado tunafungiana mageti. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya Cameroon kucheza na Comoro katika Kombe la Mataifa ya Afrika, watu wanane walikufa mlangoni. Rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, alisema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Uwanja wenyewe ulikuwa mpya, wa viti 60,000, mzuri kwa kila picha iliyopigwa kutoka angani.

Wala usidhani ni suala la utajiri au uzoefu. Paris ilipokea fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2022 baada ya Saint Petersburg ya Urusi kunyang’anywa, ikabaki na miezi mitatu ya kujiandaa, lakini ni jiji lililoandaa fainali ya Kombe la Dunia la 1998 kwenye uwanja uleule, Stade de France. Siku ile njia moja ya treni ilikuwa na mgomo. Mashabiki wa Liverpool wakaelekezwa njia nyingine, wakapitishwa chini ya barabara kuu mahali pembamba, na pembamba hapohapo ndipo palipowekwa ukaguzi wa kwanza wa tiketi, na magari ya polisi yakaegeshwa yakapapunguza zaidi. Wengine walifika uwanjani saa tatu kabla ya mechi na bado walikwama nje. Yakapigwa mabomu ya machozi na kuwapata hadi watoto na wenye viti vya magurudumu. Mechi ilichelewa dakika 36, na tangazo la uwanjani likasema mashabiki wamechelewa kufika. Jopo huru lililoundwa na UEFA yenyewe, shirikisho la soka la Ulaya lenye mashindano hayo, liliandika mwezi Februari 2023 kwamba mwenye dhamana ya kwanza ni UEFA, na likayakataa madai ya kuwabebesha mashabiki lawama. Miaka miwili baada ya Paris, fainali ya Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, huko Miami Gardens, Marekani, ilichelewa zaidi ya saa moja kwa fujo za mageti, na wapo walionunua tiketi halali waliobaki nje.

Mhariri, sisemi hayo kwa kuchukia mashindano makubwa. Nayapenda. Nawapenda wanawake wanaokuja na rangi mashavuni, wanaonionyesha picha za watoto wao wakati naangalia mikoba yao. Napenda mji unapoyafanya vizuri, na ipo iliyofanya vizuri.

Cape Town, katika Kombe la Dunia la 2010, iliwatengea watu njia ya kutembea kwa miguu kutoka katikati ya jiji, karibu na stesheni, mpaka uwanjani Green Point, kama kilomita mbili na nusu. Magari yaliondolewa. Kwa anayesimama getini, njia kama hiyo ina thamani kuliko paa lolote. Watu wakitembea wanatawanyika wenyewe: mwenye haraka anatangulia, mwenye mtoto anabaki nyuma, mwingine anasimama kusikiliza ngoma. Wanafika getini mmoja baada ya mwingine, kama maji ya bomba. Treni au basi linalowamwaga watu mita mia moja kutoka getini linawaleta kama ndoo iliyopinduliwa.

Ujerumani nayo, katika Mataifa ya Ulaya ya 2024, tiketi ya mechi ilimpa mwenye nayo saa 36 za kupanda usafiri wa umma wa eneo lile bila malipo mengine. Nimeifikiria sana hiyo. Asiyelipa nauli hana foleni ya nauli, hasukumani kwenye mashine, na anaweza kuja mapema akazunguka mjini. Hata hivyo tiketi haiongezi mabehewa. Huko huko Ujerumani, Gelsenkirchen, mji wa watu kama 260,000, ilipoipokea England na Serbia tarehe 16 Juni, mashabiki wengi walitegemea njia moja ya tramu, treni ndogo ya barabarani, kutoka stesheni kuu, na malalamiko ya siku ile kila mtu aliyasikia. Mji mdogo si kosa. Ila mji mdogo ujiulize mapema zaidi: hawa wote watapita wapi?

Na kuondoka ndiko kunakosahauliwa kuliko yote. Kuingia watu huja kwa saa mbili au tatu, kuondoka hutaka wote kwa dakika ishirini. Mwongozo uleule wa Uingereza unataka kila mtu awe ameshatoka jukwaani na kushika njia ya kutokea ndani ya dakika nane. Sawa, ametoka. Sasa yuko nje saa tano usiku. Chukua treni inayobeba watu elfu moja, ipite kila baada ya dakika tano: kwa saa moja imeondoa watu 12,000. Ukiwa na 60,000 wanaoitegemea hiyo tu, wa mwisho ataondoka alfajiri. Kwa hiyo mji unaojua kazi yake unakuwa na njia tatu nne za kuondokea, unaongeza saa za treni na mabasi, na unawapa watu sababu ya kubaki: muziki, chakula, choo kilicho wazi, mahali pa kukaa. Nimeshaona vyoo vya nje vikifungwa kwa kufuli kipindi cha pili, eti watu wako ndani. Mwanamke mjamzito aliniomba nimwonyeshe choo na sikuwa na pa kumwonyesha.

Kuhusu viwanja vinavyobaki baada ya sherehe nitasema kidogo, maana wengi wameshayasema. Manaus, nchini Brazil, ilijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 katikati ya Amazon, ukachezewa mechi nne za Kombe la Dunia la 2014, na mji haukuwa na timu ya ligi kuu ya kuutumia. Inaniuma, lakini uwanja mtupu hauui mtu.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Mwandishi wenu atakapoalikwa tena na kamati ya maandalizi, na kutembezwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na majukwaa ya wageni mashuhuri, aombe pia kuonyeshwa mageti. Ayahesabu. Kombe la Dunia linataka angalau viti 80,000 kwa mechi ya ufunguzi na ya fainali. Ugawanye kwa 660 uone kwamba kuwaingiza watu hao kwa saa moja kunataka mageti zaidi ya 120, na uulize yako wapi. Aulize wapekuzi wa kike watakuwa wangapi kila upande, na watafikaje kazini siku ya mechi. Aulize ni nani hasa, kwa cheo, mwenye ruhusa ya kuchelewesha mechi geti likizidiwa, na kama mtu huyo ataweza kuliona geti kutoka atakapokaa. Aulize treni ya mwisho ni saa ngapi iwapo mechi itafika penalti.

Kisha akatae gari la kamati. Ateremke stesheni, aende uwanjani kwa miguu, ausikilize moyo wake kila njia inapopungua upana. Aende na mtoto wa miaka tisa, amshike mkono, na atuandikie walipita wapi.

Mpekuzi wa getini
(Jina na anwani nimemwachia Mhariri)