Picha sokoni ziwe na utaratibu, tuangalie Gion

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la wageni kupiga watu picha ovyo sokoni linanikera kweli. Mimi natembeza wageni hapa Moshi, na niliwahi kualikwa Japani na mgeni niliyempandisha mlima, akanipeleka Kyoto mtaa wa Gion, ule wa mageisha. Huku kwetu ukitaja geisha watu wanawaza mambo ya ajabu ajabu, sio kweli jamani. Wale ni wasanii. Binti anaanza kama maiko, yaani mwanafunzi, kwenye miaka 15 hivi, anaishi na wenzake chini ya mama mlezi, anafundishwa kucheza, kuimba, kupiga shamisen ya nyuzi tatu, miaka kama mitano ndo anakuwa geiko kamili, ndo jina la geisha huko Kyoto. Hata nywele za maiko ni zake mwenyewe, usiku analalia kimto kirefu kigumu ili msuko usiharibike.

Sasa jioni akitoka kuwahi kazini kwenye nyumba za chai, watalii wanamkimbilia na simu, wanamzibia njia, wengine wanashika kimono, lile vazi lake. Wakazi wakachoka. 2019 wakaweka matangazo, ukipiga picha kwenye vichochoro vyao binafsi faini yen 10,000, bado haikutosha, 2024 wakafunga baadhi ya vichochoro watalii wasipite kabisa. Barabara kubwa ya Hanamikoji iko wazi, na anayetaka kuwaona wakicheza akate tiketi, kuna onyesho la ngoma la Miyako Odori kila Aprili, lilianza 1872. Yaani mgeni hajafukuzwa, kaonyeshwa pa kuangalia.

Njoo sasa soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mama kapanga ndizi zake, mgeni anashuka kwenye gari anampiga picha ya uso hata salamu hakuna, na wenzangu wengi wanakaa kimya wakiogopa kukosa tipu. Arusha Wamasai wanafanyiwa hivyo hivyo wakiwa njiani na ng'ombe wao. Naomba viongozi wa masoko wakae na wafanyabiashara, wenye meza waamue wenyewe wapi ruksa wapi marufuku, bango liwekwe getini kwa Kiswahili na Kiingereza, na anayekubali kupigwa picha kwa hela apewe yeye mkononi, sio dereva. Makampuni nayo yawaambie wageni mapema kabla hawajashuka kwenye gari. Wageni wanaanza kuwa wengi Juni, mabango yakiandikwa sasa tutawawahi.

Mtembeza wageni,
Moshi