Yule mdudu wa Kibale si panzi

Mhariri,

Miaka kumi na minane nanunua gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia, hata siku ile mlipochapisha picha ya Ziwa Victoria mkaliita Tanganyika. Lakini habari ya mdudu mpya wa msitu wa Kibale, Uganda, imenishinda. "Panzi mpya avumbuliwa", tena kwa herufi kubwa, na pembeni picha ya senene!

Panzi ana meno, hutafuna jani. Huyu, Phlogis kibalensis, ni mrukaji wa majani: ana mrija, hufyonza utomvu. Nduguze ni nyenje, wale wanaolia mitini. Ana milimita sita na nusu tu, na mwili wa vishimovishimo unaong'aa kama bati jipya. Alinaswa 2018 na Alvin Helden wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza. Kabla yake, mdudu wa mwisho wa jenasi yake, yaani kundi la Phlogis, alipatikana Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1969. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nyie mmeitupa. Halafu mmeona haya kutaja kilichomtambulisha: viungo vya uzazi vya dume, vyenye umbo kama la jani, vikitazamwa kwa hadubini. Hawa kwa nje hufanana kama punje za mchele. Usipompasua dume, usiape.

Mtasema ni ubishi wa mwalimu mstaafu. Haya. Masika iliyopita mahindi yangu, ekari moja na nusu hapa Muheza, yalitoka michirizi ya manjano, yakadumaa, nikavuna magunzi. Niling'oa mche mmoja nikaupeleka duka la pembejeo. Kijana wa pale, bila hata kugeuza jani, akanipa dawa ya ukungu. Ukungu! Michirizi ile ni virusi, na mwenezaji wake ni Cicadulina, ndugu wa huyohuyo mnayemwita panzi. Mtafiti H. H. Storey aliyathibitisha hayo Afrika Kusini miaka ya 1920, kisha akaja kufanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, huko juu milimani kwetu! Nikamweleza kijana yote hayo. Akaniuliza, "Mzee, unanunua au hununui?" Nikanunua, maana mke wangu alikuwa kando anasema nimezidi ubishi, nikapulizia mara tatu. Magunzi.

Bwana shamba tunaye. Humwona Nane Nane, kavaa fulana ya bure.

Basi nunueni lenzi moja ya kukuza mara 10, ifungwe kwa mnyororo mezani kwa mhariri wa makala, kama kalamu ya benki. Anayetaka kuandika neno "panzi" aje na mdudu wake mkononi, atazame mdomo na mguu wa nyuma: akikuta mrija badala ya meno, na miiba imejipanga kama meno ya kitana, si panzi wala si senene, ni warukaji hawa wa majani. Ahesabu miiba hiyo mbele ya mashahidi wawili, asaini. Hela ikipungua, punguzeni ukurasa mmoja wa mikeka ya mpira.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Muheza, Tanga