Zahanati za pwani zisingoje kimbunga kitangazwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa zahanati za pwani ya kusini, kuanzia Mafia na Kilwa hadi Mtwara, pamoja na halmashauri zinazotusimamia.

Msimu wa vimbunga upande wetu wa Bahari ya Hindi huhesabiwa Novemba hadi Aprili, na Aprili ikifika tunajiona tumeshavuka. Lakini kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichobomoa kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na mpaka wetu, Aprili 2019. Jobo, Aprili 2021. Hidaya kikatukuta Mei 2024, msimu umeshafungwa kwenye kalenda. Vyote hivyo masika, ardhi imeshiba maji.

Ndiyo maana upepo haunitishi sana. Hidaya kilipoteza nguvu baada ya kufika Mafia, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, wasafiri wakakwama. Kwa zahanati hiyo ina maana gari la dawa haliji na rufaa haiendi. Bati lililong'oka utalipigilia kesho. Uchungu pingamizi, mtoto anaposhindwa kutoka, haungoji daraja.

Kwa hiyo mwezi Machi fungua rejista ya wajawazito, tazama nani anatarajia kujifungua Aprili na Mei. Mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, mwenye presha, mwite yeye na mumewe, mpange mapema akakae kwa ndugu karibu na hospitali. Akikataa, mfuate nyumbani. Wagonjwa wa presha, kisukari na wanaotumia dawa za kufubaza VVU waondoke na dozi ya kuvusha masika.

Friji ya chanjo ndiyo inayotuumbua. Umeme ukikatika watu hukimbilia kuhamishia chupa kwenye kasha la baridi pamoja na barafu ngumu kama jiwe, wakidhani wameokoa. Pentavalenti, ile chanjo ya watoto ya magonjwa matano, ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, si chini ya hapo. Toa pakiti za barafu, ziache mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo upange chanjo. Kipimajoto kikae humo humo, na kila mtumishi wa zamu ajue kukisoma, si muuguzi mmoja ambaye siku hiyo yuko likizo.

Vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma tunazotoa, navyo (sijui nani alituroga tuvipange rafu ya chini kabisa) vipandishwe juu, ndani ya mifuko ya nailoni. Jenereta iwashwe kila wiki, isikilizwe.

Halmashauri nazo nina neno nazo. Oda ya dharura inayoidhinishwa barabara ikiwa imeshakatika haimfikii mgonjwa. Tunaomba oda ya ziada ipitishwe Februari, mzigo uwe stoo kabla ya katikati ya Machi: dripu, ORS (chumvichumvi ya kuhara), zinki, dawa ya kutibu maji, maana kuhara hufuata mafuriko, na oksitosini, dawa ya kuzuia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ya kutosha kwa akina mama watakaojifungulia kwetu kwa kukosa njia.

Mganga wa zahanati,
Kilwa