Mdogo wangu, simulia wokovu wako na umwachie Mama siri yake

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Nakuandikia hapa, mbele ya watu, kwa sababu maneno uliyoyasema siku tuliyomzika Baba bado yanazunguka mtandaoni, na wengi wanaoandika "Amina" chini ya video ile hawajawahi kumwona Mama wala kuketi jikoni kwake. Nilikupigia simu ukasema tutazungumza ukipata nafasi. Nilikuandikia ujumbe ukanijibu kwa mstari wa Maandiko. Sasa umenialika kwenye mkesha wa shuhuda kanisani kwako, na chini ya mwaliko umeongeza kwamba nisimwonee haya Yesu. Basi nakujibu.

Kwanza ujue kwamba sina shaka na wokovu wako hata kidogo. Wewe uliyezichukua fedha za kahawa za Baba ukaondoka usiku, ukakaa Mwanza bila kutuletea hata salamu, ndiye leo unayeamka kabla ya jua kuomba, na watoto wako wanakukimbilia unaporudi nyumbani badala ya kukukimbia. Akitokea mtu wa kukana kwamba Mungu amekutendea jambo, mimi nitakuwa shahidi wako wa kwanza. Hata pale kibanjani, shambani kwetu nyumbani, uliposimama kando ya kaburi ukasema, "Mimi ndiye niliyemwibia mzee huyu," nililia kwa furaha, kwa kuwa Baba alikuwa amekusamehe siku nyingi kabla hajafa, na nilipenda majirani waliokuona ukikimbia wasikie pia jinsi ulivyopokewa.

Laiti ungeishia hapo. Uliendelea ukasema kwamba nyumba yetu nzima ilikuwa gizani, kwamba hata mama yako mzazi, mzee wa kanisa anayeheshimiwa na usharika wote, ulipopotea alikwenda usiku kwa mganga amebeba kuku, na kwamba kuku yule hakuweza kukurudisha bali damu ya Yesu ndiyo iliyokurudisha. Vijana uliokuja nao kutoka Dar es Salaam wakapiga makofi na kupaza sauti. Wakati huo Mama alikuwa ameketi mkekani, amezungukwa na wanawake ambao amewafundisha Biblia tangu walipokuwa mabinti. Hakulia. Aliuvuta mtandio wake mpaka ukafunika macho, na mama mmoja aliyekuwa ameketi bega kwa bega naye akasogea pembeni, upana wa kiganja tu, lakini akasogea. Upana ule wa kiganja ndio nisioweza kuusahau, na nisingependa kukudanganya kwamba nimekwisha kukusamehe.

Nilimwinua nikaingia naye ndani. Nasikia umewaambia baba zetu wadogo kwamba niliharibu ibada ya maziko kwa hasira zangu, nami nakuuliza mbele yao na mbele ya wote wanaosoma: mtoto afanye nini akimwona mama yake, mjane wa siku mbili, anavuliwa nguo mbele ya kadamnasi? Ningengoja mpaka umalize kuombea wagonjwa? Nilifanya lililompasa binti, na ikinilazimu nitalifanya tena.

Wewe unajua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi habari ile ilivyokufikia. Mama alikuambia peke yako, usiku uliporudi, baada ya kukupa chakula, akakuomba radhi kwa machozi kwamba imani yake ilitetereka alipokosa habari zako. Alikuwa anatubu kwako. Mimi mwenyewe, niliyemlaza na kumwamsha miaka yote ile ambayo wewe hukuwapo, sikuwahi kuambiwa. Baba aliambiwa, na akaondoka nayo. Lakini ukaichukua toba ya mama yako ukaifanya mfano wa mahubiri.

Najua utanijibu kwamba sisi ni watoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na kwamba katika Uamsho dhambi ilitajwa waziwazi. Ni kweli, na kwa kuwa umekua ukisikia "Tukutendereza Yesu", wimbo wa Kiganda wa Uamsho, sebuleni kwetu, hatuhitaji kufundishana. Babu aliipokea njia ile kwa watu walioupokea moto uliowaka baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 na kuisoma Biblia pamoja. Moto ule ukashika Gahini kule Rwanda, ukafika Kabale kusini mwa Uganda mwaka 1935, wala haukukawia kuvuka mpaka hadi kwetu Bukoba. Lakini kumbuka ndugu wale walitubu nini. Walisimama wakasema, "Mimi niliiba," kisha wakaenda kurudisha walichoiba. Festo Kivengere, kabla hajawa askofu wala mhubiri wa mataifa, alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba radhi Mzungu aliyekuwa akimchukia, na aliposimulia habari hiyo baadaye, chuki aliyoitaja ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Utanitajia pia wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, waliofukuzwa mwaka 1941, akiwamo William Nagenda, kwa kuwa waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri dhidi ya dhambi walizoziona chuoni, wakakataa kuacha. Nao pia nawaheshimu. Lakini walisema usoni pa wahusika, katika chuo walichokuwa wakiishi, nao ndio waliopoteza masomo na nafasi zao. Wewe ulisema, Mama akalipa. Hivi tunavyozungumza amekwisha kuuachia uzee wa kanisa. Mchungaji alimsihi asifanye hivyo, na wazee wenzake wakaja nyumbani kumbembeleza, lakini akasema hawezi kusimama kuwafariji wanawake wengine huku kila mmoja akimwangalia na kuku mkononi.

Nimeurudia sana mlango wa nne wa Injili ya Yohana tangu msiba ule. Mwanamke Msamaria alikuwa amepata waume watano, na yule aliyekuwa naye hakuwa mume wake. Kama kulikuwa na mtu mwenye habari za kuuchangamsha mji, ni yeye. Lakini alipouacha mtungi wake na kwenda kuwaita watu, alisema, "Njoni, mtazame mtu aliyeniambia mambo yote niliyoyatenda." Hakumtaja mwanamume hata mmoja kati ya wale watano, na huenda baadhi yao walikuwa wamesimama pale pale wakimsikiliza. Wengi wakaamini. Vivyo hivyo Paulo mbele ya Agripa anasema ni yeye aliyewafunga watakatifu gerezani na kutoa idhini yake walipouawa. Makuhani wakuu anawataja kwa amri waliyompa, kisha wote walioshirikiana naye katika kazi ile mbaya anawaacha bila majina.

Halafu kuna yule mtu wa nchi ya Wagerasi. Alitaka kupanda chomboni afuatane na Yesu, naye Bwana akamkatalia, akamwambia arudi nyumbani kwa watu wa kwao awahubiri mambo makuu aliyotendewa na jinsi alivyorehemiwa. Nadhani amri ile ilikuwa ngumu kuliko kwenda naye. Ukiwa ugenini unasimulia unavyotaka, lakini nyumbani kila anayekusikiliza alikuwamo katika habari hiyo: yuko uliyemwibia, yuko aliyekutafuta mahabusu na hospitalini. Ushuhuda una mipaka kama kibanja, mdogo wangu. Upande wako lima mpaka jioni, lakini ukivuka mpaka umeingia kwa mwenzako, hata kama jembe lako umeliombea.

Kwa hiyo sikukatazi kushuhudia, nakuomba ushuhudie vizuri. Sema ulikuwa nani, sema Kristo alikukuta wapi, sema umekuwa nani. Neno linalomhusu mtu aliye hai mwombe ruhusa kwanza, na akikukatalia lifute bila kunung'unika, kwa maana damu ya Yesu haipungui nguvu kwa kukosa habari za kuku. Usiongeze giza ili nuru ionekane kubwa. Ulikotoka kulikuwa kubaya kiasi cha kutosha, nami nakuonea huruma nikikumbuka jinsi ulivyokonda.

Umeniambia mimi sina ushuhuda kwa sababu sijawahi kushika kipaza sauti. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata Kipaimara, na ukiniuliza tarehe niliyookoka sitakuwa na jibu. Lakini unajua ndoa yangu ilivyokwisha. Miaka ile niliketi kanisani kila Jumapili, na tulipofika katika Sala ya Bwana nilisema maneno yote isipokuwa yale ya kuwasamehe waliotukosea. Hapo nilifunga mdomo, nikangoja wengine wapite, kisha nikaungana nao tena. Hakuna aliyejua. Jumapili moja, bila wimbo wala mahubiri ya kunitikisa, mdomo ulifunguka nikayasema, na nilipotoka nje nilijua kwamba nguvu ile haikuwa yangu, kwa kuwa yangu nilikuwa nimeitafuta muda mrefu sikuiona. Huo ndio ushuhuda wangu. Nimemsimulia muuguzi mwenzangu zamu ya usiku aliponiuliza inakuwaje sina uchungu, na nimewasimulia wagonjwa walionishika mkono wakaniomba niwaambie. Petro anaagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Nami nimejibu kila nilipoulizwa. Aliyeniumiza sijamtaja, kwa kuwa ana watoto, na watoto hao ni wapwa zako. Tangu tumzike Baba maneno yale yamekuwa mazito tena kinywani mwangu, lakini sijayaruka. Nayasema yakiwa mazito hivyo hivyo, na ninapoyasema ni wewe ninayekufikiria.

Mama haniruhusu kukusema vibaya. Msimu wa senene alikuwekea zako kwenye kopo la peke yake, akaandika jina lako kwa mkono wake. Nikimwambia kwamba hupigi simu, ananijibu kwamba una kazi nyingi ya Mungu. Sijui wewe unasikia nini katika jibu hilo. Mimi nasikia mama anayekungoja tena kama alivyokungoja zamani, safari hii akijua kabisa mahali ulipo.

Iondoe video ile. Ukitaka kuirudisha, kata sehemu yote inayomhusu Mama, kisha uwaombe wale wote uliowatumia waifute, kwa maana wewe ndiye unayewajua. Ukishafanya hivyo panda basi uje nyumbani bila vijana wako, uingie kwa Mama umwambie mwenyewe, kisha umwulize kama anapenda uende pamoja naye kwa wazee wa usharika au angependelea aachwe. Litakalokuwa jibu lake, lifuate. Kuhusu mkesha wenu, siji huku video ikiwa bado ipo. Ikiondoka, nitakuja, na mkinipa nafasi nitasimama nisimulie habari zangu mwenyewe. Mke wako nisalimie sana, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi dada yako.