Barua kwa rafiki wa Nakuru: kuhusu Mzee na ile CD

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku Kisumu tu wazima, ila mvua na matope vimetuzidi. Najua nimenyamaza mno. Leo nina shida, na wa kunisaidia ni wewe.

Mzee amekubali kurekodi. Albamu nzima, benga ya zamani, akiimba na yule binti wa ohangla, ule muziki wa ngoma wa Waluo. Tulifurahi sana. Halafu Jumapili, mbele ya watu, Mwalimu akasema mwimbaji mzee akitafuta msichana wa kuimba naye, ujue sauti imekwisha, huo ni mkongojo. Mzee alikuwa amekaa pale pale. Hakujibu. Tangu hapo hafiki mazoezini, na simu yangu hapokei.

Nikaikumbuka CD yako, Raising Sand ya Robert Plant na Alison Krauss. Ilipotoka mwaka 2007 Plant alikuwa na miaka 59, na dunia ilimjua kwa kile kilio chake katika Led Zeppelin, bendi yake ya zamani ya roki. Desemba ya mwaka huo huo bendi hiyo ilipanda jukwaani tena London, watu wakatamani wazunguke dunia. Yeye akamfuata Krauss, mpiga fidla wa bluegrass, muziki wa kienyeji wa Marekani. Na wahakiki wakaisifu kazi ile kweli kweli! Walichokisifu zaidi ni kwamba alishusha sauti. Kuimba kwa kupatanisha sauti hakukuwa desturi yake, ikabidi ajifunze kwa Krauss. Sikiliza "Killing the Blues": wanaanza pamoja, wanavuta pumzi pamoja, hakuna anayemfunika mwenzake.

Lakini jambo ninalotaka Mwalimu alisikie ni hili. "Please Read the Letter" haukuwa wimbo mpya. Plant alishaurekodi na Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, mwaka 1998, ukapita bila kelele nyingi. Mtu yule yule, maneno yale yale. Alipouimba taratibu na Krauss, mwaka 2009 ukachukua Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya rekodi ya mwaka, na albamu yenyewe ikawa albamu ya mwaka. Sasa sauti iliyokwisha inafanya hivyo? Na huyo Krauss alikuwa na Grammy zake 20 kabla ya kazi hiyo. Mkongojo gani huo?

Wewe ulisema imepoa mno, nakumbuka tulivyobishana. Mimi bado nakataa. "Nothin'" haikupoa hata kidogo, lile gitaa linakwaruza mpaka mwisho. Ila nakubali kwamba upole wa namna ile unahitaji mtayarishaji mwenye sikio, nao walikuwa na T Bone Burnett. Hapo ndipo ninapoogopa. Fundi wetu wa studio ya Kondele anataka kumwaga kinanda kila mahali. Benga bila nafasi ya gitaa na besi kujibizana ni nini? Nimemwambia, ananiitikia tu, kisha anarudia.

Halafu binti mwenyewe. Kwenye karatasi ya mkataba wamemwandika "mwitikiaji". Mwitikiaji! Na nusu ya nyimbo anaanzisha yeye. Nilikasirika nikaondoka. Jina lake liwe sambamba na la Mzee, herufi za ukubwa mmoja, la sivyo wote wawili wataonewa: Mzee ataambiwa amebebwa, binti ataambiwa amepewa lifti.

Basi naomba mawili. Nitumie hiyo CD kwa matatu ya asubuhi, mpe dereva namba yangu, nitaipokea stendi. Pili, mpigie Mzee. Wewe anakusikiliza tangu siku zile za msiba wa kwao. Usimtaje Mwalimu, mwambie tu kuhusu ule wimbo uliorudiwa.

Utampigia lini? Jioni, akishakula, ndiyo afadhali, au wewe waonaje? CD ingali nzima, au watoto wameikwaruza? Ile ya pili waliyotoa 2021, Raise the Roof, umeisikiliza? Na ukija Desemba, utakubali kukaa nasi studio siku ambayo Mzee anaimba, umzuie Fundi na kinanda chake?

Nijibu haraka, tafadhali.

Wako,
Ndugu yako wa Kisumu